Makongoro ya Maabara

Kairuan, Alhamisi 16 Novemba 2006

Kwako Shangazi Kalthum,

Salamu alaikum. Nakubusu paji la uso na naomba barua hii ikukute mzima. Sisi hatujambo. Bibi siku hizi anaswali amekaa kwa sababu ya magoti, lakini ulimi wake bado unasimama wima. Mikono ndiyo inamtesa, hawezi tena kukaza fundo la zulia. Baba hajambo, yuko dukani. Amesema nikusalimie.

Hapana, Shangazi, hajasema. Nimeandika hivyo kwa sababu barua inatakiwa iwe na salamu za baba.

Barua nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka juu ya barafu, ndani ya sanduku la makongoro. Ningekupigia, ila simu iko ukumbini, Bibi husikiliza pande zote mbili, na mimi nikishika simu maneno yananikimbia. Kwenye karatasi yanakaa.

Mokdad, dereva anayekuletea sanduku, anazidi kushangaa. Leo amesema mbele ya kituo kizima, "Kila Alhamisi makongoro kumi na mawili! Huyo daktari wenu ana tumbo la ngamia?" Nilitaka kumweleza kwamba ni mambo ya sayansi. Nikasema, "Ndiyo." Kwa hiyo hapa kituoni sasa unajulikana kwa tumbo la ngamia. Nisamehe.

Bwana Ikbel, msaidizi wako, alipokuja Oktoba alinifundisha vizuri: niende machinjioni alfajiri, niyachukue ng'ombe akiwa bado wa moto, niyalaze juu ya barafu, niandike lebo kwa Kifaransa. Saa ya kuchinjwa, saa ya kuingia barafuni. Lakini hakuniambia mnayafanyia nini. Baba anasema mnayachemsha, mnayala, halafu mnaiandikia serikali ripoti. Ni kweli?

Mtoto wa kaka yako,
Yosr


Sfaksi, 3 Desemba 2006

Mpenzi Yosr,

Wa alaikum salamu. Mimi mzima, kikohozi tu. Mbusu Bibi mikono yote miwili, taratibu, hasa wa kulia. Baba yako usimsalimie kama hajaniuliza. Sipendi salamu za kutunga, hata za upendo.

Hatuyali. Mwambie Mokdad tumbo langu ni la paka.

Tunachotaka ni kano, zile kamba nyeupe nyuma ya mfupa ambazo baba yako huzitoa kwa ncha ya kisu bila kutazama. Watu hudhani ukano ni kamba tu. Ndani yake mna seli hai, zimepangana kati ya nyuzi kama watu kwenye foleni ya mkate. Na kila seli ina unywele wake mmoja, mdogo mno. Ukipanga thelathini kwa urefu, hazimalizi unene wa unywele mmoja wa kichwa chako. Kwa unywele huo seli inasikia inavyovutwa. Ukano ukilegea kwa saa kadhaa, unywele hurefuka, kama mtu anayenyoosha shingo asikie nani anaita. Ukivutwa, hufupika. Hata kiini cha seli hubadilika: ukano ukivutwa, nacho kinakuwa chembamba na kirefu.

Mimi natafuta mahali ambapo kuvutwa kunaacha kuijenga seli na kuanza kuiharibu. Bibi yako amekaza mafundo miaka arobaini. Mahali hapo alipavuka siku moja bila kujua, akaendelea kufuma.

Nusu ya kano zako tunazivuta kwa mashine. Nusu tunaziacha zipumzike, ili tuwe na cha kulinganisha. Ndiyo maana nataka makongoro yatoke machinjioni moja kwa moja, yamelala, yasiguswe. Barafu inazigandisha seli pale pale zilipo. Yaliyozipata kabla ya barafu, mimi nitayaona kwenye darubini na kudhani ni yangu.

Mwandiko wako wa lebo ni mzuri sana. Ikbel amezibandika ukutani.

Shangazi yako,
Kalthum


Kairuan, Alhamisi 4 Januari 2007

Kwako Shangazi,

Salamu alaikum na heri ya sikukuu iliyopita. Bibi ameuliza mara nne kwa nini hukuja. Baba hakuuliza, ila kila mlango ulipogongwa alikuwa wa kwanza kuinua kichwa, kisha akasema, "Mlango huu unahitaji mafuta."

Najua ni yale ya arobaini ya Babu, uliposema harufu ya duka la nyama inakufuata mpaka darasani, naye akasema basi usirudi kuichukua. Mimi nilikuwa chini ya meza nikitafuta kijiko. Nilikaa huko zaidi ya muda wa kijiko.

Makongoro ni kumi na mawili kama kawaida. Lebo zote zipo. Nina mtihani, sitaandika mengi.

Yosr


Sfaksi, 20 Januari 2007

Mpenzi Yosr,

Natumaini mtihani umekwenda salama na Bibi anapata usingizi. Hapa baridi imeingia kwenye mifupa.

Nakuandikia jambo ambalo sitaki baba yako alisome. Tangu Novemba, kano ninazozipumzisha haziko sawa. Nusu yake zina nywele fupi na viini vyembamba, kama zilizovutwa. Nusu ziko kama zinavyopaswa. Si moja au mbili zilizoteleza. Ni nusu, kila wiki. Ugonjwa wa ng'ombe haugawi hivyo. Mkono wa mtu ndio unaogawa hivyo.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima. Makongoro unayachukua wapi? Saa ngapi? Kuna mtu anayagusa kabla yako? Baba yako anakupa ya jana na ya leo yakiwa yamechanganywa?

Na la pili. Ikbel alipokuja kukufundisha, alikuwaje? Ndiye anayewasha mashine nisipokuwepo. Ama anachanganya sahani, ama anavuta zisizopaswa kuvutwa, ama anaandika namba akiwa amelala. Nimeanza kuhesabu sahani baada yake. Jana nilirudi kuchukua mwavuli ambao sikuusahau.

Kalthum


Kairuan, Alhamisi 25 Januari 2007

Kwako Shangazi,

Salamu alaikum. Bibi hajambo. Mtihani wa hesabu nimepata kumi na sita kati ya ishirini.

Baba hauzi ya jana. Hata wanaomchukia sokoni hawasemi hivyo. Kama unamtafutia kosa kwa sababu ya maneno ya arobaini, basi mwulize mwenyewe, usiniulize mimi kwenye mfuko wa nailoni. Nikisoma barua yako naona umeanza na Bibi, ukaja kwa mtihani wangu, halafu ukafika ulikokuwa unakwenda. Ulikuwa unakwenda kwa Baba.

Lebo ziko sawa. Saa zimeandikwa.

Kuhusu Bwana Ikbel, siku ile alipokuja alipiga miayo. Na saa yake ilikuwa imesimama, akaniuliza mimi saa. Ni hayo tu niliyoyaona.

Yosr


Sfaksi, 18 Februari 2007

Yosr,

Umekasirika, na huenda una haki. Nimemwondoa baba yako kwenye mawazo yangu.

Ahsante kwa ulilosema juu ya Ikbel. Ni dogo, lakini limekaa mahali pake kama jino. Mtu anayesafiri kwenda kufundisha watu kuandika saa, na yake imesimama! Nilimwuliza kuhusu sahani. Akasema, "Daktari, mimi naweka ninachokikuta." Nikamwambia hilo ndilo ninaloliogopa. Akavua koti la maabara, akalitundika, akatoka bila kufunga mlango. Mwenye hatia na mwenye kuonewa wote hutoka hivyo, kwa hiyo halijanisaidia.

Tarehe 15 Machi kuna kikao cha idara. Profesa Mongi ndiye mwenyekiti. Nitasoma malalamiko yangu na Ikbel ataondolewa. Ana mke, na mtoto wa miezi saba. Naliandika hili ili usidhani sijui.

Endelea kutuma. Mbusu Bibi.

Kalthum


Kairuan, Alhamisi 1 Machi 2007

Shangazi,

Salamu alaikum. Bibi yuko vilevile. Sina habari nyingine za nyumbani. Ngoja niseme kabla sijaanza kuzitafuta.

Makongoro hayatoki machinjioni. Wiki mbili za mwanzo yalitoka. Baada ya hapo, hapana.

Pale getini kuna Hedi bawabu na wanaume wanaongoja nyama. Alhamisi ya pili Hedi alipaza sauti, "Mpisheni daktari wa makongoro! Daktari, mguu wangu unaniuma, njoo unikate!" Wakacheka wote. Kuna Amani ninayesoma naye darasani; kaka yake alikuwepo. Jumatatu yake nikaingia darasani na mtu akagonga miguu chini ya dawati, ko-ko-ko, kama ng'ombe anayetembea. Sasa wananiita Kongoro. Mwalimu wa Kifaransa aliuliza maana yake, wakamweleza, naye akacheka kidogo, akaficha kwa mkono.

Sikurudi tena. Baba hununua makongoro pale pale machinjioni, ya asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo nikawa nachukua dukani kwake kabla ya shule. Nilijiambia ni miguu ya ng'ombe wale wale, saa mbili tatu tu zimepita. Kwenye lebo niliandika saa ambayo ningekuwa machinjioni kama ningekwenda. Kwa Kifaransa ilikuwa rahisi. Nikidanganya kwa Kiarabu namsikia Bibi. Nikidanganya kwa Kifaransa ni kama nafanya zoezi.

Hilo ni la kwanza. La pili nimelijua Jumamosi, nikikaa dukani nikimtazama Baba akifanya kazi ambayo nimeiona maisha yangu yote.

Yeye hayaanzi makongoro kwa moto. Akiyababua yakiwa yamejikunja, manyoya yanabaki kwenye mikunjo, na mteja wa supu akikuta unywele mdomoni harudi. Kwa hiyo anapitisha kulabu nyuma ya ule ukano, analining'iniza kongoro, na chini yake anafunga jiwe la mizani la kilo tano mpaka mguu unyooke. Babu naye alifanya hivyo. Mawe ni sita, Shangazi. Mengine yanangoja zamu yamelala kwenye beseni.

Mimi nachukua kabla ya moto, kama ulivyotaka. Naondoa sita kwenye kulabu na sita kwenye beseni. Sikuwahi kufikiri. Mkono ulikuwa unakwenda tu.

Sita kati ya kumi na mawili.

Nikahesabu siku mpaka tarehe 15, nikakaa na hilo siku nne nyingine bila kuandika. Na hilo nalo ni kosa, kwa hiyo naliandika.

Bwana Ikbel alipiga miayo kwa sababu alikuwa ameondoka Sfaksi saa kumi alfajiri. Aliniambia. Sikukuandikia sehemu hiyo.

Yosr


Sfaksi, 3 Machi 2007

Yosr,

Nimeisoma mara tatu. Sikuamini.

Ukweli wako umekuja siku kumi na nne kabla ya kikao, umenyooka kuliko ukweli wowote niliowahi kuuona. Kila kitu kinaingia mahali pake. Nani amekuambia uandike? Ikbel ana namba ya simu ya nyumbani kwenu, nilimpa mwenyewe. Au ni baba yako, anataka niwe nimefanya kazi ya miezi minne kwa mawe ya Babu, ili acheke?

Au ni wewe, unamhurumia mtoto wa miezi saba. Umedanganya kwa sababu ya aibu. Unaweza kudanganya kwa sababu ya huruma.

Fanya hivi. Alhamisi ijayo chukua kumi na mawili machinjioni, mbele ya macho yako. Ning'iniza idadi unayoitaka wewe, kwa mawe, saa tatu. Mengine yalaze. Yape namba, usiandike kingine. Orodha ya yapi ni yapi uitie kwenye bahasha, uifunge, umtumie Profesa Mongi kwa posta, si mimi. Ikbel hatagusa kitu. Nitatazama peke yangu na kumpa Profesa jibu langu kabla hajafungua.

Kama umesema kweli, seli zitasema.

Kalthum


Kairuan, Alhamisi 8 Machi 2007

Shangazi,

Salamu alaikum. Yamo ndani, namba moja mpaka kumi na mbili. Bahasha nimeitia posta leo, nikiwa njiani kuja kituoni, na idadi haitabadilika. Nimening'iniza kama nilivyoandika humo.

Sikuwa na njia ya kuchukua mawe bila Baba kujua. Kwa hiyo nilimwambia yote Jumanne, wakati ananoa kisu, ili awe na kitu cha kutazama.

Akasema, "Kwa hiyo dada yangu alidhani nauza mizoga."

"Aliacha kudhani, Baba."

"Aliacha lini?"

"Februari."

"Na wewe ulianza kudanganya lini?"

"Novemba."

Akajaribu kisu kwenye ukucha. "Na huyo kijana anafukuzwa kwa sababu ya mawe yangu?"

"Kwa sababu yangu."

"Usijipe ukubwa," akasema. Akarudi kunoa. "Saa tatu ni nyingi. Mimi saa moja na nusu mguu umenyooka. Mwambie asije akasema nanyoosha vibaya."

Leo alfajiri hakunisindikiza. Nilidhani atanisindikiza. Hedi akaanza, "Daktari amerudi!" nikasema, "Nimerudi, nataka miguu mitatu ya ng'ombe wanne," nikachanganya, wakaangua kicheko, nikasahihisha, nikabeba. Sikuwa jasiri, Shangazi. Nilikuwa nimechelewa tu.

Sijaongea na Bwana Ikbel hata mara moja. Huna sababu ya kuniamini, lakini nimeandika kwa Kiarabu.

Yosr


Sfaksi, 17 Machi 2007

Yosr,

Salamu alaikum. Kikohozi kimepona.

Nilimwandikia Profesa Mongi kwamba namba mbili, tatu, saba, tisa na kumi na moja zilivutwa. Za namba nne sikuwa na uhakika, nikaweka alama ya kuuliza. Alifungua bahasha kwenye kikao, mbele ya watu tisa, Ikbel akiwa amekaa mwisho wa meza na koti lake mwenyewe, si la maabara. Orodha yako ilikuwa na mbili, tatu, saba, tisa, kumi na moja. Na karibu na namba nne uliandika: "Jiwe lilianguka katikati, sikulirudisha."

Nilisoma mstari huo nikajua hakuna aliyekufundisha. Anayetunga hatungi jiwe linaloanguka.

Malalamiko nimeyachana. Ikbel anabaki. Nimeomba radhi mbele ya wale tisa, na kazi ya tangu Novemba nimeifuta yote. Hakunishukuru, na sikutegemea. Aliomba jambo moja, niliandikishe kwenye kumbukumbu za kikao: makongoro atayafuata yeye, kila Alhamisi, na lebo ataandika yeye. Hataki mtu wa ukoo wetu aandike saa tena. Profesa Mongi akanitazama. Nikakubali.

Aliniomba pia barua yako ya Januari. Nikampa. Alisoma mistari inayomhusu, akairudisha, akauliza getini anaingilia upande gani. Nikamwambia utamwonyesha. Usijifiche.

Mwambie kaka yangu hanyooshi vibaya. Mwambie nimesema hivyo mimi, si salamu ya kutunga.

Kalthum


Kairuan, Alhamisi 29 Machi 2007

Kwako Shangazi,

Salamu alaikum. Nilimwambia Baba. Akasema, "Mwenyewe hajui simu?" Bibi amemwita mpumbavu. Nadhani atakupigia, lakini usikae karibu na simu.

Bwana Ikbel alikuja leo. Alishuka kwenye gari la Mokdad na sanduku tupu. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa siku kumi, nimeyaandika, nimeyakariri. Nilipomwona nikasema, "Nisamehe, niliandika nusu." Mengine yote yakapotea.

Akasema, "Nimeisoma hiyo nusu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepokea mzigo na kukagua kamba.

Nilimpeleka mpaka getini. Akaniambia ningoje nje. Nikangoja pale pale wanapongoja wanaume. Hedi akatuma mtu aniletee kiti, kwa dhihaka au kwa wema, sijui, nikakaa. Walisema waliyoyasema. Yalikuwa yale yale.

Alitoka na sanduku begani, akaliweka chini, akatoa lebo na kalamu. Akaniuliza saa. Nikamwambia ni saa kumi na mbili na dakika ishirini. Akanishukuru kwa adabu, kisha akageuka akamwuliza Hedi.

Yosr